Konokono wa Saa Sita

Alichofanyiwa ni hiki. Mume wake wa ndoa ya miaka kumi na minne alipanda juu ya jiwe la kufulia, saa sita mchana, wanawake kumi na mmoja wakiwa majini na nguo wamezikunja hadi mapajani, akatangaza kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi kwamba mkewe ana ugonjwa wa zinaa, kwamba ameuokota huko anakokujua mwenyewe, na kwamba tangu siku hiyo si mke wake tena. Kisha akashuka. Hakuteleza. Hilo ndilo linalomkera mwanamke huyu mpaka leo. Jiwe lile lina utelezi wa sabuni wa miaka arobaini, limeshaangusha wajawazito, walevi na askari mmoja aliyekuja kukamata mtu, lakini siku ile lilimshikilia yule bwana kama limehongwa.

Mume huyo anaitwa Fundi Pampu. Hata mama yake humwita hivyo. Kazi yake ni kuangalia pampu inayovuta maji ya mfereji na kuyapeleka mashambani, na kwa kuwa pampu ikishawaka hufanya kazi yenyewe, kazi yake hasa ni kukalia kiti. Mke, jina lake la sasa ni Chujio. Alilipataje, tutafika.

Mfereji unapita nyuma ya nyumba yao, hatua sitini kutoka mlango wa jikoni. Mama mkwe ndiye aliyepanga ratiba ya maji, na ratiba ile haikuandikwa popote lakini iliogopwa kuliko sheria za serikali. Alfajiri ilikuwa zamu ya wanaume kuoga, maji yakiwa baridi na hayajachafuliwa na mtu. Saa mbili ilikuwa zamu yake yeye na mashoga zake, waliokuja na kitambaa kimoja kimoja cha kufua na magunia ya maneno. Wake wa wanawe walishuka majini saa sita, jua likiwa utosini. Sababu aliyoitoa ni kwamba nguo hukauka upesi. Sababu aliyobaki nayo moyoni ni kwamba mwanamke aliyefua juani hana nguvu ya kujibu.

Chujio aliingia nyumba ile akiwa na miaka kumi na tisa. Siku nne kwa wiki alisimama kwenye maji hadi kiunoni akisugua ovaroli zenye grisi. Akitoka, miguu ilimwasha.

"Mbona unajikuna kama kuku mwenye viroboto?" mama mkwe alimuuliza. "Kwenu mlikuwa hamuogi?"

"Tulikuwa tunaoga, mama."

"Basi mlikuwa mnaogea tope."

Mwaka wa tatu tumbo la chini likaanza kuuma. Mwaka wa tano, kila alipolala na mumewe, shuka lilionyesha damu asubuhi. Mtoto hakuja. Akaenda zahanati, na muuguzi mmoja akamchoma sindano za magonjwa ya zinaa, akarudia mara tatu katika miaka miwili. Kila sindano ilikuja na mawaidha, na mawaidha ndiyo yaliyouma zaidi. Akaapa kwamba hajawahi kumjua mwanamume mwingine.

"Wote huapa," muuguzi alisema. "Geuka upande wa pili."

Lazima lielezwe jambo moja la familia ile, maana bila hilo mtu ataona Fundi Pampu alikuwa mjinga tu, na ujinga wake ulikuwa na mizizi. Kwao, mtoto wa kiume akianza kukojoa damu, ilikuwa furaha. Mama mkwe alikuwa akisimulia palepale mferejini jinsi mwanawe alivyokojoa nyekundu akiwa na miaka kumi, jinsi mjomba wake alivyompiga mgongoni na kusema sasa huyu ni mwanamume, na jinsi alivyonunuliwa viatu. Kwa hiyo damu ilikuwa ya namna mbili katika nyumba ile. Ikitoka kwa mwanamume ni ukubwa. Ikitoka kwa mwanamke ni umalaya.

Na Fundi Pampu hakuacha ukubwa wake nyumbani. Kila siku saa nne, baada ya chai, alitoka kwenye kibanda cha pampu, akasimama kwenye ukingo wa daraja, akafungua suruali na kukojoa mferejini huku akipiga mluzi na kutazama mawingu. Choo kilikuwepo, hatua ishirini tu. Alikitumia kuhifadhia mikanda ya pampu, akakitia kufuli. Kutoka pale darajani, maji yalishuka taratibu mpaka kwenye jiwe la kufulia.

Siku aliyotangaziwa jiweni, mama mkwe alilitoa godoro la Chujio uani akalichoma moto, majirani wakitazama, ili ugonjwa usienee. Chujio akaondoka na beseni la nguo alizokuwa hajamaliza kusuuza. Akaenda kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa akipika chai ya wafanyakazi wa zahanati upande wa pili wa mji.

Dada alimkalisha, akampa maji ya kunywa, akafunga mlango. "Kweli au uongo?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Mimi kwa mume yule ingekuwa kweli."

Walicheka mpaka Chujio akalia, halafu akalia mpaka dada akakosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Dada akamtafutia kazi ya kupiga deki palepale zahanati. Hajui kusoma, alisaini kwa dole gumba. Katika chumba cha maabara alimkuta Mpimaji, bwana mwembamba mwenye kikohozi, aliyezoea kuzungumza na darubini kuliko na watu. Kwa wiki mbili Mpimaji alimwona akideki kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshikilia tumbo. Siku moja akamsukumia kikopo mezani.

"Lete mkojo, mama. Wa mchana, tafadhali."

"Mkojo nao una saa za kazi?"

"Huu ninaoutafuta unazo."

Akauleta. Mpimaji akauzungusha kwenye mashine, akadondosha tone kwenye kioo, akainama, akakohoa, akamwita.

"Unaona nini?"

"Naona kope zangu."

"Rudisha jicho nyuma kidogo. Usilibandike."

Akarudisha. "Naona kama punje. Ina mwiba mkiani."

"Hilo ni yai la kichocho. Limetoka kwako."

Chujio akaiweka chini ndoo ya deki, ikavuja miguuni. "Kichocho ni ugonjwa wa zinaa?"

"Kichocho ni ugonjwa wa maji."

"Rudia."

"Ni ugonjwa wa maji, mama. Hauhusiani kabisa na—"

"Rudia kwa sauti. Dada yangu yuko nje na birika."

Mpimaji hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile alipaza. Kisha, kwa kuwa alikuwa hajawahi kupata mtu aliyetaka kusikiliza, akaeleza yote. Kwamba minyoo wanakaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu, wawili wawili, dume amemkumbatia jike kwenye mfuo wa mwili wake, na wanakaa hivyo miaka.

"Hawaachani?"

"Hawaachani. Miaka mitatu, mitano, wakati mwingine zaidi."

Chujio akatazama sakafu aliyokuwa ameipiga deki. Kumbe ndoa pekee iliyotulia katika nyumba ile ilikuwa ndani yake yeye.

Mayai ya jike, Mpimaji akaendelea, mengine hunasa kwenye kibofu na kwenye njia ya uzazi na kufanya vidonda. Ndiyo hiyo damu. Mengine hutoka na mkojo. Yakiangukia majini, yanapasuka, na katika kila moja kinatoka kijidudu kinachoogelea kama kimechelewa kazini. Hakiwezi kumdhuru mtu. Kinamtafuta konokono, tena si konokono yeyote, na kisipompata ndani ya siku moja kinakufa.

"Akishampata?"

"Anakuwa kiwanda. Kimoja kinaingia, baada ya wiki kadhaa vinatoka maelfu, vya namna nyingine sasa, vyenye mkia wa panda. Hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya mtu."

Akamwonyesha. Dirishani kulikuwa na glasi yenye konokono watano wadogo, kila mmoja hazidi kucha ya kidole, tundu la gamba likiwa upande wa kushoto. Asubuhi maji yalikuwa meupe. Jua lilipopanda, Chujio akainama karibu na kuona vumbi jembamba likipanda na kushuka ndani ya maji, ingawa hakuna aliyeyatikisa.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Inakaribia saa sita. Jua ndilo linalowatoa wadudu hawa ndani ya konokono. Alfajiri huwezi kumwona hata mmoja. Saa sita wanafurika."

Chujio alikaa kwenye ndoo. Alfajiri wanaume. Saa mbili mama mkwe na vitambaa vyake. Saa sita wake wa watoto.

"Na huyu konokono," Mpimaji alisema, maana akishaanza haachi, "akishaingiwa na hawa wadudu hatagi tena. Wanamla nguvu zote za uzazi."

"Na mama mkwe wake anasemaje?"

Mpimaji akadhani ni swali la kitaalamu, akafikiri. Chujio ndiye aliyecheka, na alipomaliza kucheka akauliza swali ambalo lilikuwa likimjia polepole kama pampu inayokataa kuwaka.

"Yai la kwanza linatoka wapi? Kama konokono hazaliwi nalo?"

"Kwa mtu anayekojoa majini."

Akaiona suruali. Akasikia mluzi. Fundi Pampu alikuwa amesema kweli kuhusu jambo moja: ugonjwa ule ulitoka kwa mwanamume. Ulitoka kwake mwenyewe, kutoka darajani, ukapitia kwa konokono, ukamrudia mkewe saa sita akimfulia ovaroli.

Alipewa vidonge. Vinapimwa kwa kimo: unasimama kando ya fimbo iliyochorwa mistari, kichwa kinapofika ndiyo idadi yako. Alivimeza vyote, vichungu, akasikia kizunguzungu siku nzima. Minyoo walikufa, wale wanandoa wema. Damu ikakoma. Makovu, Mpimaji alimwambia akiwa ameangalia pembeni, hayafutwi na kidonge, na kuhusu mtoto hakutaka kumdanganya. Hilo Chujio hajalifanyia utani hata mara moja.

Zahanati ilipotaka mtu wa kukusanya konokono kando ya mifereji, ili wajue wapi pana hatari, wasomi wawili walijaribu na kurudi na matope. Chujio alichukua chujio la chai la dada, akalifunga kwenye mpini wa ufagio, akavaa buti na glavu za mpira, akarudi na konokono mia mbili. Aliwajua wanapokaa: chini ya majani yaliyooza, kwenye mifuko ya plastiki, ndani ya ndala iliyopotea. Jina likamganda. Mpini umebadilishwa mara tatu, wa sasa una urefu wa watu wawili.

Miaka miwili ikapita kabla ratiba ya kazi haijamfikisha kwenye jiwe lile. Alifika saa sita. Majini alikuwemo msichana mmoja, maji kiunoni, anasugua ovaroli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakupangia saa hii?"

"Mama."

"Bado anaishi?"

Msichana akamtazama vizuri, akaacha kusugua. "Wewe si ndiye yule..."

"Ndiye. Malizia."

"Yule wa zamani."

"Asante kwa kufupisha."

Msichana akajikuna paja. Kisha, bila kuulizwa, kama wanavyofanya watu ambao hawana wa kumwambia, akasema anaona damu. Amekwenda kuchomwa sindano. Mume amesema Jumapili atazungumza.

"Atazungumza wapi?"

Msichana aligeuza macho kwenye jiwe.

Tusidanganyane: Chujio hakuwa malaika. Alikuwa na haki ya kuinua ndoo yake akaondoka. Jumapili watu wangemsikia Fundi Pampu akisema maneno yaleyale kwa mke wa pili, na pengine mmoja angejiuliza ni bahati gani hii ya kuoa malaya wawili mfululizo. Ingemsafisha yeye kidogo. Alichota konokono mpaka nusu ndoo akiwa bado hajaamua.

"Toka kwenye maji, mwanangu," akasema mwishowe. "Toka, jifute haraka, ukauke. Kesho njoo zahanati."

Mkojo wa msichana ulikuwa na mayai. Lakini Chujio alijua mayai ya mke hayatamtetea mke. Yangesemwa kuwa ni ushahidi zaidi. Alihitaji ya mume. Na mume, kupimwa, angekubali siku pampu itakapoimba.

Ijumaa saa nne kasoro alijibanza chini ya daraja, kwenye ukingo mkavu, akiwa amefunga kopo la Mpimaji kwenye mwisho wa mpini pale chujio linapokaa. Chai ikanyweka juu. Hatua zikaja. Mluzi ukaanza. Fundi Pampu aliangalia mawingu kama kawaida yake, na kopo likapanda taratibu, likangoja, likashuka limejaa. Miaka kumi na minne ya ndoa, hiyo ndiyo mara ya kwanza yule bwana kumpa alichokitaka.

"Umeupataje?" Mpimaji aliuliza.

"Kwa ufundi."

Mayai yalikuwa mengi hata Mpimaji akakohoa kabla ya kuhesabu.

Jumamosi akaenda kwenye kibanda cha pampu na glasi ya konokono aliowatoa palepale jiweni, akaiweka juani dirishani. Fundi Pampu alikuwa kitini. Msichana alikuwa ameleta chakula, na mama mkwe alikuwa amekuja kuhakikisha kimefika.

"Umefuata nini?" mama mkwe aliuliza. "Godoro tulilichoma."

"Nimekuja na maji, mama. Ya mferejini kwenu. Saa sita hii."

"Tuna maji."

"Najua mnayo." Akamgeukia Fundi Pampu. "Ingiza mkono."

"Wapi?"

"Kwenye glasi. Vidole tu. Hesabu mpaka mia tatu halafu toa."

Akainama. Alikuwa mtu wa mashine. Macho yake yalikuwa mazuri. Aliliona lile vumbi jembamba likipanda na kushuka. "Hiki ni nini?"

"Maji tu. Mkeo anaingia mpaka kiunoni, nusu siku. Wewe nimekuomba vidole."

"Mimi nauliza ni nini."

"Ni watoto wako," Chujio akasema. Akamweleza kwa maneno manne matano, daraja, konokono, jua, ngozi, akaweka mezani karatasi ya Mpimaji ambayo yeye mwenyewe hawezi kuisoma lakini anajua pale palipoandikwa idadi. "Hayo ni mayai yako. Ya jana, saa nne."

"Nani amenipima?"

"Usitake kujua. Ingiza mkono. Kama ugonjwa ni wa wanawake wabaya, wewe una wasiwasi gani?"

Pampu ilikuwa ikinguruma. Fundi Pampu aliinua mkono mpaka karibu na glasi. Msichana alikuwa anamtazama. Mama yake alikuwa anamtazama. Mkono ukakaa hewani, ukarudi, ukaingia mfukoni.

"Fundi," mama mkwe akasema taratibu, "mbona huingizi?"

Akainuka kwenda kuangalia pampu.

Jumapili jiwe lilikaa bila mtu. Jumatatu alionekana zahanati, amesimama wima kando ya fimbo ya vimo, mwanamume mzima. Msichana alipewa vidonge vyake na bado yuko katika nyumba ile. Damu imekoma, na Mpimaji anasema kwake ugonjwa umekamatwa mapema. Mama mkwe naye alipimwa, lakini amepinda mgongo, fimbo ikampunja, ikabidi anyooshwe na watu wawili akitukana. Ratiba ya maji imebadilika. Hakuna anayeshuka mferejini saa sita. Maji yanatekwa asubuhi, yanalazwa mapipani siku mbili mpaka vijidudu vife, ndipo watu wafue. Mama mkwe anawaambia mashoga zake kwamba aliwaza hilo mwenyewe. Choo kimefunguliwa kufuli na mikanda imehamia chini ya kitanda.

Na Fundi Pampu alimsubiri Chujio nyuma ya kibanda siku moja, akatazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikosea kidogo. Yaishe."

"Umesemaje?"

"Nimesema yaishe."

"Sisikii. Pampu inapiga kelele. Kule jiweni hakuna pampu."

Hajaenda. Anasema ana kazi. Anasema saa sita siku hizi hakuna mtu pale, atamwambia nani? Hilo ni kweli, na aliyewaondoa ni Chujio mwenyewe. Lakini Chujio amewapitia nyumba kwa nyumba wale wanawake kumi na mmoja. Wawili wamekufa. Tisa wamesema watakuja siku yoyote watakayoitwa, watakaa kwenye nyasi kavu, miguu mbali na maji, watasikiliza.

Mama mkwe anadaiwa neno kuhusu godoro. Muuguzi anadaiwa mawaidha matatu, ayarudishe. Fundi Pampu anadaiwa sentensi moja, kwa sauti ileile ya kuitia mbuzi, kwamba mke wake wa kwanza hakuwahi kuwa na mwanamume mwingine, na kwamba ugonjwa ulitoka kwake. Juu ya jiwe, saa sita. Lina utelezi bado. Chujio hupita kila wiki kuangalia.